Vikombe Vyekundu Juu ya Gogo Bovu

Mti mkubwa ukianguka mwituni, kishindo chake husikika mbali. Majani hukauka, ndege huhama, na kila apitaye husema: "Mti huu umekwisha." Lakini rudi mahali pale mvua zikisha kunyesha kwa miezi kadhaa, uyatazame matawi yake yaliyolala kwenye unyevu. Utaona vikombe vidogo vimesimama juu ya vijiti vyembamba, vingine vyekundu, vingine vya rangi ya waridi, vingine vya manjano kama kiini cha yai. Vimejipanga tawi zima, kana kwamba mtu ameandaa meza kwa wageni wadogo mno. Upana wa kikombe kimoja ni sentimeta chache tu. Mdomo wake umeelekea juu, na mara nyingi umejaa maji ya mvua.

Je, hayo ni maua? La, hasha. Tawi lililokufa halitoi ua. Huo ni uyoga, na wataalamu wameupa jina la Cookeina. Huota katika nchi zenye joto na mvua nyingi, hapa Afrika, kadhalika Asia na Amerika. Katika misitu yetu ya Kongo umo pia, na wengi wetu tumepita karibu nao mara nyingi bila kusimama.

Leo tutasimama kidogo, wasomaji wapenzi. Sababu si uzuri wa rangi peke yake. Kazi ifanywayo na vikombe hivi, pamoja na jamaa zao wasio na rangi ya kuvutia, ndiyo inayoulisha mwitu, na ndiyo inayoyalisha mashamba yetu. Tusipoifahamu kazi hiyo, twaweza kuiharibu kwa mikono yetu wenyewe.

SI MMEA, WALA SI MNYAMA

Zamani wataalamu waliuhesabu uyoga pamoja na mimea. Siku hizi wameuweka peke yake, katika jamii kubwa iliyo mbali na mimea na wanyama pia. Na tukifikiri vema tutaona kwamba wamefanya haki. Mmea una majani mabichi, nao hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Uyoga hauna rangi hiyo ya kijani, hata ukikaa juani haupati chakula. Mnyama ana kinywa na tumbo. Uyoga hauna kinywa wala tumbo. Tena kuta za mwili wake zina kitini, ambayo ndiyo iyo hiyo iliyomo katika gamba la mende na la kamba wa majini.

Basi, uyoga hula namna gani? Kwanza tufahamu ya kuwa kikombe tukionacho si uyoga wote. Kikombe ni tunda tu, kama embe juu ya mwembe. Mwili wenyewe umejificha ndani ya mti, nao ni nyuzi nyembamba sana, nyembamba kupita unywele, zinazopenya huku na huku katika kuni ile iliyolowa. Nyuzi hizo hutoa maji ya kuyeyusha mti, kisha hunyonya kilichoyeyuka. Sisi hula kwanza, ndipo chakula kikayeyuka tumboni. Uyoga huyeyusha kwanza, ndipo ukala.

Na si kila uyoga ufanyao kazi moja. Uko uyoga utokao katika vichuguu mvua zinapoanza. Huo hulimwa na mchwa wenyewe chini ya ardhi, nao ni chakula kipendwacho sana na watu. Uko uyoga wa miombo ya Katanga, ambao nyuzi zake zimeungana na mizizi ya miti iliyo hai: mti huupa uyoga sukari, nao uyoga huusaidia mti kupata maji na chumvi za udongoni. Tena uko uyoga wa miti iliyokufa. Vikombe vyetu ni vya ukoo huu wa tatu.

JINA LAKE LIMETOKA WAPI

Jina Cookeina lilitolewa mwaka 1891 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Otto Kuntze, kwa heshima ya Mwingereza Mordecai Cubitt Cooke. Huyu Cooke alizaliwa mwaka 1825 katika kijiji cha Horning, nchi ya Norfolk, na wazazi wake walikuwa wenye duka dogo la kijijini. Hakuwa mtoto wa matajiri. Aliusoma uyoga kwa bidii yake mwenyewe, mwaka 1872 akaanzisha gazeti lililohusu uyoga na mimea isiyo na maua, na tangu 1880 mpaka 1892 alifanya kazi katika bustani kubwa ya mimea ya Kew, karibu na London. Alifariki mwaka 1914. Hivyo jina la mtoto wa mwenye duka limebaki juu ya vikombe vya misitu ya mbali.

Huku kwetu Kongo kazi ya kuuandika uyoga wa mwituni ilifanywa sana, wakati wa ukoloni, na Bibi Goossens-Fontana. Alikusanya uyoga huko Eala, karibu na Mbandaka, na huko Binga, akauchora kwa rangi za maji. Uchoraji huo haukuwa mchezo. Uyoga ukikaushwa ili uhifadhiwe, rangi yake hupotea, na umbo lake hujikunja. Ndiyo maana picha iliyochorwa siku ile ile, ungali mbichi, ina thamani kubwa. Mwaka 1959 mtaalamu Mfaransa, Bibi Marcelle Le Gal, alitoa maandiko juu ya uyoga wa vikombe na jamaa zake wa Kongo, akitumia yale yaliyokusanywa na mwenziwe.

Aina mbili za Cookeina zajulikana sana. Ya kwanza huitwa Cookeina speciosa. Vikombe vyake ni laini, na vinyweleo vyake ni vifupi hata huonekana kwa shida. Ya pili ni Cookeina tricholoma, nayo ina nywele ndefu upande wa nje, kana kwamba imevaa ngozi ya mnyama. Rangi za vikombe hivi hutokana na karotini na jamaa zake. Jina hilo lisiwaogopeshe wanafunzi. Karotini mnaijua nyumbani: ndiyo inayoyatia mawese yetu wekundu wake, na karoti rangi yake.

VIFUKO ALFU VYENYE VIFUNIKO

Kila kiumbe hutafuta njia ya kuwapeleka watoto wake mahali pengine. Mwembe una embe na midomo ya watu na popo. Pamba ina nyuzi zipeperushwazo na upepo. Lakini chini ya miti mikubwa ya mwituni upepo ni haba. Hewa imetulia kama maji ya kisima. Je, kikombe kilichosimama kwenye tawi, karibu kabisa na ardhi, kitazipelekaje mbegu zake?

Tukikata kipande chembamba cha kikombe na kukitazama kwa hadubini, tutaona kwamba upande wa ndani umepangwa vifuko virefu, kimoja ubavuni mwa kingine, maelfu kwa maelfu, kama mabua ya mtama shambani. Katika kila kifuko mna mbegu nane, ndogo hata zisionekane kwa macho matupu. Juu ya kifuko pana kifuniko kidogo. Maji ya ndani hukikaza kifuko kama mpira wa gurudumu uliojazwa hewa. Kikomavu, kifuniko hufunguka ghafula, na mbegu zote nane hurushwa nje.

Lakini hapo pana shida. Kitu kidogo namna ile hakiendi mbali hewani. Jaribu kurusha unyoya wa kuku kwa nguvu zako zote: utaanguka miguuni pako. Mbegu moja ya uyoga, ijapokuwa imerushwa kwa mbio kubwa, husimamishwa na hewa mara moja. Uyoga wa vikombe umeishindaje shida hiyo?

Mwaka 2010 wataalamu waliochunguza uyoga wa namna hii kwa picha za mwendo wa haraka sana walitoa jibu. Vifuko havirushi kimoja kimoja. Hufunguka kwa maelfu pamoja, na mbegu za mbele huisukuma hewa, hata upepo mdogo ukazaliwa hapo hapo. Zile zifuatazo huchukuliwa na upepo huo, zikavuka hewa iliyotulia, zikafika mbali kuliko ambavyo moja yake ingeweza kufika. Mmoja wa uyoga uliochunguzwa ni Sclerotinia sclerotiorum, adui wa wakulima, unaoozesha maharagwe na mboga nyingi. Cookeina haina hatia hiyo, lakini nayo ina tabia ya kukomaza vifuko vyake kwa wakati mmoja. Umoja ni nguvu, wasema wazee wetu. Na methali hiyo ni kweli hata ndani ya kikombe cha sentimeta mbili.

Mwanafunzi aweza kuliona jambo hili bila chombo cho chote. Akikuta vikombe vilivyokomaa, avipulizie pumzi polepole kwa mbali kidogo. Mara nyingine ataona moshi mweupe umetoka kikombeni. Moshi ule ni mbegu, maelfu na maelfu.

SANDUKU NA UFUNGUO WAKE

Sasa tuje kwenye jambo kubwa. Ubao wa mti umejengwa kwa vitu viwili hasa. Cha kwanza ni selulosi, nyuzi zenye nguvu, kama zile za pamba. Cha pili ni lignini, ambayo huzishika nyuzi hizo pamoja, kama udongo unavyozishika fito za ukuta wa nyumba. Kwa ajili ya lignini mti husimama, na kwa ajili yake wanyama wengi hawawezi kuula. Ndani ya ubao huo mna pia chumvi ambazo mti umezivuta kutoka udongoni miaka mingi: fosforasi, potasiamu, kalisi na nyinginezo.

Mti ukianguka, mali hiyo yote iko ndani yake kama fedha ndani ya sanduku lililofungwa. Mche ulioota pembeni una njaa, lakini hauwezi kulifungua sanduku. Wenye ufunguo hasa ni jamii ya uyoga, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuivunja lignini vizuri kuliko viumbe wengine wote. Wengine husaidia: mchwa hutafuna, mende hutoboa, vijidudu visivyoonekana humaliza mabaki. Vikombe vyetu vyekundu ni wafanya kazi wadogo katika kundi hilo kubwa. Hupenda matawi na vigogo vilivyoanguka ardhini, wala haviangushi miti iliyo hai. Kidogo kidogo ubao hulainika, hugeuka mweusi, hukatika kwa mkono, na mwisho huwa udongo.

Huenda msomaji akasema: "Udongo wa mwituni ni wenye rutuba, tazama ukubwa wa miti yake. Una haja gani ya tawi bovu?" Wengi wamedanganyika hivyo. Udongo mwingi wa misitu ya mvua ni wa zamani sana, na mvua za miaka isiyohesabika zimekwisha kuuosha chumvi zake. Utajiri wa mwitu haumo sana ndani ya ardhi. Umo katika viumbe vilivyo hai, na katika majani na magogo yaozayo juu ya ardhi. Mali hiyo huzunguka: hutoka kwa mfu, hupita kwa uyoga na wenzake, huingia kwa aliye hai. Mzunguko ukikatwa, umaskini huonekana upesi.

Wakulima wetu wamekwisha kuuona umaskini huo, hata kama hawakuambiwa sababu. Mtu akikata mwitu na kuuchoma, mavuno ya kwanza huwa mazuri, kwa kuwa majivu yana chumvi nyingi. Lakini mvua huyachukua majivu, na baada ya misimu michache mahindi huwa ya manjano, muhogo hudhoofika, na mkulima huchukua shoka lake kwenda kukata mahali pengine. Wazee walikuwa na dawa: waliliacha shamba lipumzike miaka mingi, mpaka miti irudi, ianguke na kuoza. Leo watu wameongezeka, mashamba yamekaribiana, na muda wa kupumzisha umefupishwa. Tena miji kama Goma, Bukavu na Lubumbashi hupika kwa makala, na makala ni miti. Hatuwezi kumlaumu mama anayetafuta moto wa kuwapikia watoto. Lakini yatupasa kujua kinachopungua. Kongo ina zaidi ya nusu ya msitu mkubwa wa Bonde la Mto Kongo, wa pili duniani kwa ukubwa baada ya ule wa Amazon kati ya misitu ya mvua. Mali hii ikipotea, haitanunuliwa sokoni.

RANGI SI HAKIMU

Hapa tunayo onyo kwa wazazi na kwa watoto. Katika Afrika ya Kati wako watu wa misituni wanaovila vikombe vya Cookeina, ijapokuwa nyama yake ni nyembamba. Wao wameufahamu uyoga huo tangu utoto, kwa kufundishwa na mama zao. Asiyeufahamu asiujaribu, wala asiseme: "Huu ni mzuri wa rangi, hauwezi kudhuru," au "Huu ni mwekundu, bila shaka una sumu." Rangi si hakimu. Kikombe chekundu chaliwa, na uyoga wenye kofia ya kijani hafifu au nyeupe waweza kuua.

Mfano wake ni Amanita phalloides, wenye asili ya Ulaya, ambao umefika pia Afrika ya Kusini. Aliyeula haumwi mara moja. Hupita saa sita au zaidi, pengine siku nzima, ndipo kutapika na kuhara kuanze. Kisha huonekana kama kwamba amepona, kumbe sumu inaliharibu ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa.

Basi msiamini majaribio yale yasimuliwayo: kutia kijiko cha fedha chunguni ili kuona kama kitageuka cheusi, au kutazama kama wadudu wameutafuna uyoga. Konokono aweza kuula uyoga unaomwua mtu. Njia iliyo salama ni moja: ule uyoga ule tu ambao mtu mzoefu wa mahali hapo aujua kwa hakika, mmoja mmoja. Na mtu akiugua baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali upesi bila kungoja, na mabaki ya uyoga ule yachukuliwe ili waganga wayaone.

TUFANYE NINI NYUMBANI NA SHAMBANI?

Tukisha kujua kwamba kuoza ni kazi na si uchafu tu, mengine yatafuata. Unapofungua shamba, usichome kila kitu mpaka ardhi ibaki uchi. Magogo makubwa yasiyofaa kwa kuni yaache yalale, ukayapange kwa kukingama na mteremko. Yatazuia maji yasiuchukue udongo, nayo yataoza polepole. Mabua ya mahindi, maganda ya maharagwe na majani ya migomba yatandaze chini ya mimea. Hivyo ndivyo wafanyavyo wengi wa Kivu katika migomba yao, na mgomba uliofunikwa miguu hustahimili kiangazi kuliko ule uliofagiliwa. Lakini mabaki ya maharagwe yaliyooza kwa ugonjwa yaondoe shambani, yasije yakawaambukiza ya mwaka ujao.

Ninyi wanafunzi mnaokaa karibu na mwitu, tunawapa kazi nyepesi. Mvua zikianza, tafuteni tawi lililoanguka, nene kama mkono wa mtu, mahali penye kivuli. Mkikuta vikombe, msiving'oe. Vihesabuni, pimeni upana wa vitatu au vinne, andikeni rangi zake, vichoreni kwa kalamu zenu. Rudini baada ya juma moja, kisha baada ya mwezi. Bonyezeni tawi kwa kidole kila mara, mwone kama limelainika. Mwisho wa muhula mleteeni mwalimu daftari yenu.

Na mtu akiwauliza mnatafuta nini kwenye gogo bovu, mjibuni kwamba mnatazama jinsi udongo unavyotengenezwa.